Wifi Yangu Zuurakan na Mwanafarasi Aliyeitwa Jalala

Wifi yangu Zuurakan hajawahi kuniita kwa jina langu. Kwetu milimani mke aliyeolewa hatamki majina ya watu wa mumewe, kwa hiyo siku aliyoletwa nyumbani alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, akaamua kuniita Mrefu. Nilikuwa msichana wa shule na nilinuna kweli. Sasa nina wajukuu, mgongo umeanza kupinda, na bado naitwa Mrefu. Kaka yangu Jumakadir, ambaye ndiye mumewe, huitwa "baba watoto" siku za amani, na "wewe" siku nyingine zote.

Zuurakan alitoka upande wa At-Bashy, kwa watu wa kondoo, na alipokuja kwetu farasi alikuwa akiwaogopa kama moto. Kiangazi chake cha kwanza farasi jike mmoja alimpiga teke akamng'oa jino. Mama yangu alimpa kitambaa cha kufutia damu kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono wa pili. Wifi akamaliza kukamua. Leo penye pengo lile pana jino la dhahabu, na kutoka ziwani hadi darajani hakuna mtu anayetengeneza kimizi kama chake. Maziwa ya farasi huyachachusha kwenye kiriba cha ngozi kilichofukizwa moshi wa msonobari, akiyasuka kwa mti tangu asubuhi, na watu wa mjini hupanda milima kuja kuyanywa. Mmoja kifua, mwingine tumbo, mwingine mkewe tu amemchosha. Zuurakan anaamini kimizi kinatibu kila kitu isipokuwa uvivu wa kaka yangu.

Mwaka ninaousimulia, farasi jike tunayemwita Kijivu alichelewa kuzaa. Tulikuwa tumeshahamia malisho ya juu, mahema yamesimama, watoto wa farasi wengine tayari wanarukaruka, ndipo Kijivu akalala chini akashindwa kumsukuma wake. Zuurakan alikunja mikono ya gauni akamvuta yeye mwenyewe. Alitoka mwanafarasi mwenye masikio makubwa na miguu mirefu, na katikati hapakuwa na kitu cha kutaja.

"Jalala," akasema Zuurakan akimfuta kwa majani.

Jina baya ni kinga. Jicho la husuda likisikia hapa pana jalala linapita zake. Lakini nilimwona alivyomfuta yule mnyama, hadi ndani ya masikio, na nikajua safari hii wifi amekamatika. Watoto wake wote wako Moscow wanafanya kazi, na ili kuwasikia lazima apande kilima kutafuta mtandao. Alikuwa mpweke, ingawa ungemwambia hivyo angekurushia ndoo.

Katikati ya kiangazi wenzake Jalala walikuwa wameshanona, manyoya yanang'aa. Yeye mbavu zilikuwa nje, manyoya yamesimama kama ya mbwa aliyelowa, na tumbo kubwa limening'inia chini. Kaka yangu alimzunguka akiwa na mikono mgongoni.

"Huyu havuki mlima," akasema.

Sote tulijua maana yake. Majani yakikauka tunashuka bondeni kwa kupitia mlimani, na kule juu theluji huwa imeshaanza. Mwanafarasi asiyeweza kuvuka kwa miguu yake mwenyewe huchinjwa kabla ya safari, asije akaachiwa mbwa mwitu.

"Tumchinje mapema," akasema kaka, "kabla hajajifia."

"Umchinje upate nini? Masikio?" Zuurakan akamjibu. "Wewe mwenyewe ulipokuja kunichumbia ulikuwa hivi hivi, na baba yangu hakutoa kisu."

Mtu asiyejua kazi hii hudhani farasi hukamuliwa kama ng'ombe. Farasi jike hateremshi maziwa mpaka mwanawe aje kwanza. Kwa hiyo mchana kutwa watoto hufungwa kwenye kamba moja ndefu iliyonyooshwa juu ya majani kati ya vigingi viwili, na mama zao hulisha hapo karibu bila kutoroka. Wakati wa kukamua ukifika mtoto hufunguliwa, hunyonya kidogo, maziwa yakishuka huvutwa pembeni, na Zuurakan hupiga goti moja chini, ndoo juu ya goti la pili. Wanarudia tena na tena hadi jioni, ndipo watoto huachiwa walale na mama zao. Ndivyo tulivyokuta. Na Kijivu alikuwa na maziwa kuliko wote. Zuurakan alikuwa akisema ladha ya kimizi chake inatoka kwa Kijivu, na hakumpumzisha hata kidogo tangu alipozaa.

"Amepungukiwa nguvu tu," akaniambia siku moja akimpapasa Jalala mgongoni. "Nitampa dawa."

"Dawa gani?"

"Swali gani hilo, Mrefu? Kwani kuna dawa nyingine?"

Akaleta bakuli la kimizi. Nilisema wee, usifanye hivyo, lakini Jalala alishatumbukiza pua. Alikipenda. Akalamba bakuli, akaomba la pili, akapewa. Baada ya muda kila mguu wake ukawa na safari yake. Alipiga chafya, akamvua kaka yangu kofia kwa meno, akajaribu kunyonya nguzo ya hema, mwisho akalala kichwa mlangoni, ikabidi wageni wamruke. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini Zuurakan aliendelea na dawa yake wiki nzima, na Jalala akaanza kuharisha, akakonda zaidi ya mwanzo. Asubuhi moja nilimkuta wifi amesimama mbele ya Jalala na bakuli tupu mkononi.

"Kumbe hakitibu kila kitu," akasema taratibu.

Hapo sikucheka. Nilimwonea huruma yeye kuliko hata mnyama.

Perizat, daktari wa mifugo wa wilaya, alipanda kwa pikipiki kuja kuchanja kondoo. Ni binti mwembamba, mwenye koti kubwa kumzidi, na asiyependa maneno mengi. Zuurakan hakumruhusu kufanya kazi mpaka amalize mabakuli ya ukaribisho, kisha akamshika mkono moja kwa moja hadi kwa Jalala. Perizat alimfunua midomo akatazama fizi, akambonyeza tumbo, akachokonoa kinyesi kwa kijiti.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Maziwa ya mama yake."

Perizat akangoja.

"Na kimizi kidogo," akasema Zuurakan.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuimba," akadakia kaka yangu.

Perizat alicheka, akafuta macho, kisha akawa daktari tena. "Mama, huyu ana mambo mawili. La kwanza ni njaa. Amezaliwa akiwa amechelewa, na wewe unamkamua mama yake tangu siku za mwanzo. Wenzake walishapata nguvu kabla ya kufungwa, yeye hajapata. La pili ni minyoo. Hili tumbo si shibe, ni minyoo. Kamba hii iko hapa tangu lini?"

"Tangu enzi za mama mkwe," Zuurakan akajibu kwa fahari.

"Haijawahi kuhamishwa?"

"Ihamishwe iende wapi?"

Perizat akachuchumaa, akaonyesha ardhi iliyo chini ya kamba, nyeusi, imekanyagwa, haina jani. "Kila mwaka watoto wa farasi wanakunya hapa hapa. Mayai ya minyoo yanakaa udongoni miaka, theluji haiyaui. Mtoto amefungwa mchana kutwa, hana la kufanya, analamba chini. Dawa nitampa. Lakini kama hamhamishi kamba, mtamtibu leo na kesho ataokota wengine. Na Kijivu umwache. Akae na mwanawe mchana na usiku, usimkamue."

Zuurakan alibadilika uso. Nilidhani ni kwa ajili ya Kijivu, kumbe la Kijivu alishalikubali. Ilikuwa ni vigingi. Kila tunapofika malishoni, kabla ya tone la kwanza la maziwa, hupaka vigingi vile siagi, akaomba dua, akawalisha majirani. Vigingi vya mama yangu.

"Daktari, mama mkwe alivipigilia kwa mkono wake," akasema. "Hapa ndipo pana baraka ya nyumba hii. Mimi ni mtu wa kuja. Niving'oe, halafu hawa wenye mji wao watasema nini?" Akaninyooshea kidole mimi, kwa kuwa kaka alishajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Wote wakanitazama. Nilijaribu kukaza uso, nikashindwa.

"Wifi," nikasema, "siku ile nilikuwepo. Mvua ya mawe ilikuwa inakuja, baba anapiga kelele, farasi wanakimbia ovyo. Mama akapigilia vigingi pale pale alipokuwa amesimama. Akasema kesho tutavihamishia kule juu penye majani mazuri. Kesho yake alikuwa amechoka. Kesho kutwa pia."

Zuurakan akageuka akavitazama vile vigingi.

"Mrefu. Miaka yote hii napaka siagi uvivu wa mama yako?"

"Ndiyo, wifi."

"Na wewe unaniangalia tu."

"Mimi niliona unampenda mama. Na siagi ilikuwa yako."

Kaka yangu aliketi chini kwa kicheko. Zuurakan akamtupia kitambaa cha ndoo, kikamtua usoni, kisha akaenda kwenye kigingi cha kwanza akakikumbatia. Tulitaka kumsaidia, akatufukuza. Alikiyumbisha huku na huku, akakitukana kwa sauti ya chini, akakivuta hadi akaanguka nacho chali, miguu juu. Mama angekuwa hai angecheka kupita sisi wote. Kabla jua halijawa kali, kamba ilikuwa imenyooshwa kule juu penye majani mazuri, ambako mama alikusudia.

Perizat alimzungushia Jalala uzi kifuani ili kukadiria uzito wake, akafunga fundo. Alitoa dawa laini, kama dawa ya meno, ndani ya bomba lisilo na sindano.

"Leo dozi ndogo, na ni dawa ya upole," akasema. "Minyoo wakiwa wengi hivi, ukiwaua wote kwa mpigo wanaweza kumziba utumbo. Nitarudi kumpa nyingine."

Zuurakan alichovya kidole akaonja. "Ina ladha ya tufaha. Atapenda."

Hakupenda. Yule aliyelamba kimizi hadi chini ya bakuli aliitema dawa ya tufaha yote kwenye ndevu za kaka yangu. Walipojaribu tena Zuurakan alimkumbatia kichwa, akakiinua juu, na Perizat akapitisha bomba pembeni ya mdomo, nyuma kabisa juu ya ulimi. "Meza, mshenzi wewe, meza, mwizi, kabila la mbweha," wifi akawa anambembeleza huku anamsugua koo. Akameza.

Minyoo walianza kutoka. Zuurakan alituita kwa sauti ya mtu aliyeona mgeni wa heshima, na tulipofika akatuonyesha kwa fimbo: weupe, wanene, warefu kama tambi za mchuzi.

"Mtazameni huyu! Huyu alikuwa anakula maziwa yangu!"

Jioni hiyo chakula kilikuwa tambi. Mimi nilikula mkate.

Kazi ya kumlisha ikawa vita nyingine. Perizat aliacha kikombe cha bati na agizo: shayiri iliyovunjwa na kulowekwa, kikombe kimoja, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana tumbo lililozoea njaa likijazwa ghafla linasokota na kuua. Sasa mwambie hivyo mwanamke ambaye mgeni wake hainuki bila kushikwa mkono. Alijaza kikombe, akashindilia kwa kiganja, akaongeza kichuguu juu. Mimi nilikipunguza kwa kidole.

"Unamnyima mtoto!"

"Ninamnyima msokoto wa tumbo, wifi."

"Uchoyo huo umeutoa kwa nani? Mama yako alikuwa mvivu, lakini hakuwa mchoyo."

Tuligombana hivyo kila siku, na kila siku Jalala alimaliza kikombe akakisukumasukuma kwa pua. Mchana alikuwa huru na mama yake. Ananyonya, analala juani, anaamka, ananyonya. Wenzake waliofungwa kwenye kamba mpya walimtazama kama watoto wa shule wanavyomtazama mwenzao aliyepewa ruhusa ya ugonjwa.

Lakini kiriba kilipungua. Bila Kijivu kimizi kilikuwa kichache, na kwa maneno ya mwenyewe kilikuwa "kama maji yaliyosimuliwa habari za maziwa". Na hapo ndipo wageni wa mjini walipofika, wale wa kila mwaka, na vifua vyao na matumbo yao. Zuurakan aliwaketisha, akawapa mkate, akawapa siagi, kisha akawamiminia chai. Walitazamana. Mzee mmoja alichungulia kiriba.

"Nendeni kwa Batmakan," akasema Zuurakan. "Ng'ambo ya kijito. Mwambieni nimewatuma mimi."

Sikuamini masikio yangu. Batmakan ndiye mpinzani wake wa miaka yote, mwanamke ambaye kimizi chake, kwa mujibu wa wifi, kina ladha ya sufuria. Aliwaonyesha njia kwa mkono ulionyooka. Aliumia, na hakuficha. Wageni walipoondoka alikwenda kusuka kile kiriba chepesi kwa nguvu kama anampiga mtu. Lakini Kijivu alikuwa hapo hapo nje, matiti yamejaa, na ndoo haikuguswa.

Kabla ya jioni Batmakan alikuja mwenyewe, juu ya farasi, kidani shingoni.

"Nimesikia umeniletea wageni," akasema. "Nikasema lazima pana msiba."

"Hapana msiba. Kijivu ananyonyesha."

"Ndiyo umefunga mlango kwa ajili ya hiki kikapu cha mbavu?"

"Kikapu ni chako, Batmakan? Kinakuuma nini?"

Batmakan alishuka. Alimtazama Jalala, ambaye wakati huo alikuwa ananyonya huku mkia unacheza, akampitisha mkono mgongoni, akabonyeza.

"Mh. Hapa panaanza kuja nyama. Mzuri huyu."

"Tema mate!" Zuurakan akapiga kelele.

"Nini tena?"

"Umemsifu! Tema haraka!"

"Nimesema tu panaanza..."

"Tema, Batmakan, usiniulie mtoto!"

Batmakan akatema, tfu, tfu, tfu, huku ananuna. Alikunywa chai, akapanda farasi wake, akazunguka kidogo, akarudi.

"Zuurakan. Hiyo dawa... daktari amekuachia nyingine? Wangu nao wana matumbo."

Nilidhani wifi atamchekelea mpaka kesho. Badala yake alimweleza yote, dawa, uzi, shayiri, akamtajia hata habari za vigingi. Ila hakumweleza kuhusu siagi. Hilo lilibaki ndani ya nyumba.

Perizat alirudi na dozi ya pili, na baada yake Jalala alianza kubadilika kweli. Manyoya makavu yalipukutika, chini yake yakatoka mengine laini ya rangi ya moshi. Tumbo likapanda. Fundo la uzi likahama, likahama tena. Akajifunza kusimama kwa miguu ya nyuma, akaipiga ndoo teke, na Zuurakan akaja kutuonyesha ule mbonyeo kama mtu anayeonyesha cheti cha mtoto. Kaka yangu peke yake alinyamaza.

"Uwanjani kila mtu hodari," akasema tulipomsukuma aseme. "Tutaona kule juu." Hakuwa na roho mbaya. Aliwahi kuwaacha wengine kule, na hasahau.

Theluji ikaonekana vileleni, tukakunja mahema. Siku ya kuvuka Zuurakan alitakiwa awe mbele na mizigo, lakini alibaki nyuma kabisa na kundi. Alikuwa ametandika blanketi la ziada juu ya tandiko, ili Jalala akianguka ambebe. Angembebaje mnyama aliyekwisha kufika begani kwake, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tulipanda polepole. Upepo ulikuwa mkali, mawe yana barafu. Chini kidogo ya kilele pana mahali maji hukata njia, na siku hiyo kingo zake zilikuwa kioo kitupu. Kijivu akavuka. Jalala akafika ukingoni, akanusa, akarudi nyuma. Akasogea tena, kwato zikateleza, akasimama miguu imepanuka, anatetemeka. Kaka yangu alisimamisha farasi wake. Niliona mkono wake ukienda kiunoni, kwenye kisu, ukakaa hapo.

Zuurakan alishuka akakimbia juu ya barafu na ule umri wake, akavuka maji yakimfika magotini, akasimama upande wa pili mikono imefunguka.

"Njoo!" akaita. "Njoo, mwanangu! Njoo kwa mama!"

Hakumwita kwa jina la Jalala. Mbele ya watu wote, jicho la husuda na lisikie likitaka.

Yule mwanafarasi akatazama maji. Akainamisha kichwa, akajikunja, akaruka. Aliruka juu sana, kuliko ilivyohitajika, akatua mbali, akampita Zuurakan kwa kasi hadi akamyumbisha, akampita na mama yake, akapanda ule mteremko wa mwisho anatimua theluji hadi kwa wenzake waliokuwa juu.

"Njoo!" Zuurakan akaita tena, mikono bado imefunguka. "We! Njoo!"

Kule juu walikuwa tayari wanakimbizana.

Nilimfuata nikamshika kiwiko, maana alikuwa amelowa na anatetemeka. Machozi yalikuwa yanamtoka na jino la dhahabu liko nje kwa kicheko.

"Mrefu, umeona? Nimemwita, hata hakugeuka."

"Nimeona, wifi."

"Hata sikio hakugeuza."

"Hata sikio."

Alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, akavuta pumzi ndefu.

"Basi amepona," akasema, na akaomba nimshikie farasi apande.